Maji ya Behewa Lililopinduka Nanganga

Siku behewa la maji lilipopinduka karibu na stesheni yetu, wanawake wa kijiji walikimbilia maji kabla hawajakimbilia watu. Sisemi hivi kwa kuwalaumu. Nilikuwemo. Nilikuwa mtoto mwenye kibuyu mkononi, na mbele yangu alikimbia bibi yangu, mzaa mama, mtungi ukiwa begani, naye kwa kawaida hakuwa mtu wa kukimbia. Upande wa pili wa tuta la reli watu walikuwa wamelazwa chini ya turubai. Sisi upande huu tulikuwa tunakinga.

Kwetu jambo hilo halikuzungumzwa kwa miaka mingi. Ajali yenyewe ilitajwa, maana watu walihesabia umri wa watoto kwayo: huyu alizaliwa kabla ya behewa, yule baada ya behewa. Lakini namna tulivyokimbia, na tulikimbilia nini, haikutajwa. Nami nisingeigusa kama kaka yangu asingeniita.

Nilikuwa nimestaafu karibuni kazi ya kuandika habari. Kaka alikuwa Nachingwea mjini, nyuma ya soko, mgonjwa wa kifua, na alinitumia salamu kwa mtu aliyekuja Dar es Salaam kuuza korosho. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye mkeka, amejifunga shuka, mbele yake bakuli la uji ambalo hakuligusa. Hakunizungusha.

"Wewe umeuliza watu maswali maisha yako yote," alisema. "Niulizie moja. Nataka kumsomea mjomba hitima kabla sijaondoka. Lakini nataka nijue kwanza. Yule aliyekuwa chini ya turubai ni yeye, au si yeye?"

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Ili nawe uelewe, rafiki yangu, itabidi nikurudishe Nanganga ya wakati huo.

Reli ile wakoloni waliijenga kwa ajili ya mashamba yao makubwa ya karanga. Anayepita Nachingwea leo anaona mikorosho, ofisi na bodaboda. Sisi tulisikia matingatinga yakifyeka pori mchana kutwa, na karanga zenyewe tulizisikia zaidi kuliko tulivyoziona. Stesheni yetu ilikuwa ndogo, kibanda cha bati na benchi moja, nje kidogo ya makazi, watu wakishuka hapo kwenda mashambani. Gari moshi lilipokaribia, kwanza ardhi ilitetemeka chini ya nyayo, kisha ndipo mlio ulipofika, na mwisho kabisa moshi juu ya miti. Bibi aliutumia mlio huo kama wengine wanavyotumia saa. Likipita la kwenda Nachingwea, alibandika chungu.

Tulikula ugali wa mtama na kisamvu kilichotiwa karanga za shambani kwetu. Kiangazi kilipokaza tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini iliyochemshwa kwa chumvi, tukiimenya ikiwa bado inachoma vidole. Chakula hakikuwa taabu sana. Taabu ilikuwa maji. Mto Lukuledi ulikauka ukabaki mchanga, na wanawake walichimba visima humo mtoni, wakaketi pembeni wakisubiri maji yajikusanye, wakayachota kwa kata polepole ili yasichafuke. Kazi yangu ilikuwa kushika zamu ya bibi kwenye kisima na kufukuza nyuki. Ukisinzia, zamu imepita.

Sasa fikiria watu wa namna hiyo wanaona behewa zima la maji likipita mbele yao. Lilikuwa tangi jeusi la chuma lililofungwa mkiani mwa gari moshi, likipeleka maji kwenye stesheni zisizo na visima. Lilivuja kwenye maungio. Likisimama, sisi watoto tulitandaza viganja chini ya matone, na mtu wa stesheni alitufukuza kwa kijiti.

"Tokeni hapo! Hayo ni maji ya injini, si ya mama zenu."

"Injini ina mama?" mmoja wetu alimjibu siku moja, tukakimbia huku naye akicheka.

Mjomba alikuwa mtoto wa mwisho wa bibi, kijana mrefu aliyeinama akiingia kila mlango. Alifanya kazi Nachingwea, aking'oa visiki nyuma ya matingatinga, na akipata nafasi alikuja nyumbani kwa kudandia behewa la maji. Kulikuwa na ngazi ya chuma ubavuni mwa tangi. Alisimama hapo, mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine umeshika mkate uliofungwa kitambaa, na gari lilipopunguza mwendo kwenye pinda la kuingia stesheni aliruka. Mkate ulikuwa umekauka. Bibi aliuchovya kwenye chai, akatugawia vipande, halafu akaanza kumsema.

"Lile si punda, mwanangu. Panda na wenzio ndani."

"Punda anapiga mateke, mama. Lile limetulia."

Kwetu, kama ilivyo kwa wengi wa huku, mjomba ndiye nguzo ya watoto wa dada yake. Baba alitulea, lakini kuhusu jando, jina na ndoa, mwenye kauli alikuwa mjomba. Na mtu wa namna hiyo akifa, jina lake haliachwi lizikwe naye. Matanga yakimalizika, ukoo unaketi na kumchagua anayeingia katika jina lile, naye anabeba na wajibu wake.

Mwaka wa ajali kaka alikuwa jandoni. Kumbi, yaani kibanda cha watoto wa jando, lilijengwa mbali na nyumba, nasi wasichana hatukuruhusiwa kulisogelea. Wanawake kadhaa walichaguliwa kuwapikia, bibi akiwa mmoja wao. Wapishi hao walikuwa na miiko yao. Mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: mpishi asitazame maiti wala mtu anayekata roho. Akitazama, vidonda vya watoto haviponi. Hakuna mwanamke aliyeufanyia mzaha mwiko huo, maana kila mmoja alikuwa na mtoto au mjukuu ndani ya kumbi.

Behewa lilianguka mchana, kwenye pinda lile lile. Nilisikia kishindo, kama gunia limetupwa ardhini na mtu asiyejali, kisha kimya, kisha filimbi ya injini ikalia bila kukatika. Injini ilibaki relini. Kilichoanguka ni mkia: tangi lilikuwa limelala ubavu chini ya tuta, limepasuka, na maji yanatoka kama yametumwa kwetu. Kwa nini lilianguka, kila mtu ana lake. Wapo wanaosema tembo. Wapo wanaosema udongo wa tuta ulikuwa umelika tangu masika. Sikupata wa kunithibitishia lolote.

Ninachokumbuka ni udongo mwekundu kugeuka uji, na wanawake wakisukumana wafike kwenye ufa wenyewe, ambako maji yalikuwa safi. Madebe, mitungi, vibuyu, hata sufuria lenye ukoko. Mama mmoja alivua kaniki ya juu akailoweka, akaikamua kwenye debe. Kulikuwa na kicheko. Ndiyo, kulikuwa na kicheko mwanzoni. Kisha wanaume wa gengi la reli, wale watengenezaji wa njia, walianza kupiga kelele upande wa pili wa tuta, na kicheko kikakatika kuanzia huko, kikaja kikikatika mpaka kwetu.

Bibi alikuwa amekwishajaza mtungi. Alipanda tuta apitie upande ule, njia ya kumbini, akasimama ghafla. Niliona akigeuza uso kuelekea porini na kutandaza mkono wake nyuma ili nisipite. Akaniambia, "Rudi. Zunguka kwa chini." Yeye aliendelea, uso ukiwa pembeni. Watoto wa kumbini walikunywa maji yale siku ile. Mimi pia niliyanywa. Yalikuwa na ladha ya kutu.

Kabla ya jua kutua gengi lilikuwa limekwishazika. Watu walisema watatu: mtia kuni wa injini, aliyekuwa amekwenda nyuma kwenye tangi, mlinzi wa mabehewa, na kijana mmoja mrefu aliyedandia. Gengi likahamishwa. Mjomba hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Babu alimtuma mtu Nachingwea, kwenye kambi ya wafanyakazi, akarudi na majibu mawili yasiyopatana. Wengine walisema hajaonekana tangu alipopanda gari la maji. Wengine walisema ametoroka na wenzake kwenda kwenye mkonge, Tanga, kama walivyotoroka wengi.

Kaka alitoka jandoni amepona vizuri kuliko wote. Wazee walitaka matanga ya mjomba yafanyike na jina lake apewe yeye. Bibi alikataa. Alikuwa anapeta mtama, hakusimamisha ungo. "Mwenye jina yupo," alisema, "mnampa nani?" Alikataa mwaka ule, akakataa na miaka mingine yote, mpaka wazee wakaacha kuuliza. Kuhusu turubai alisema neno moja tu, aliposongwa na mama yangu: "Niliona miguu, nikageuka."

Siku tulipomzika bibi, mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba marehemu alimpita mwanawe kama gogo kwa ajili ya mjukuu. Kaka alikuwa mtu mzima, ameshika jembe la kufukia kaburi. Aliibeba kauli ile, na alikuwa bado anaibeba aliponiita.

Basi nikaenda Nanganga. Nilianza na jirani yetu wa zamani, ambaye siku ya ajali alikuwa mwanamwali. Yeye ni mtani wa ukoo wetu, kwa hiyo sikutegemea kupokewa kwa upole.

"Mmetuachia nyumba zinaanguka mkaenda mjini," alisema, akibangua korosho bila kuniangalia. "Sasa mmerudi kutuibia na maneno?"

"Ya kwako hayauziki, mtani. Nimekuja kuyaomba bure."

"Bure mmezoea. Hata maji ya reli mlikunywa bure." Sote wawili tulijua alipokuwa amefika. Akaweka kisu chini. "Mama yangu naye alikuwa mpishi wa kumbi," alisema kwa sauti nyingine. "Bibi yako hakuwa peke yake. Walikuwepo wote pale, wote wamegeuza nyuso. Nani angejua alichokipita?"

Yeye aliamini makaburi ni matatu. Alinipeleka. Tulipita juu ya tuta, ambalo sasa ni njia ya miguu kati ya mikorosho. Reli zilikwishang'olewa miaka mingi. Mataruma ya chuma utayaona kwenye majumba ya watu, mengine yameshika dari, mengine yamewekwa kama daraja juu ya mfereji. Kibanda cha stesheni hakipo, wala msingi wake. Nilisimama kwenye pinda nikijaribu kusikia lile tetemeko la nyayo. Nilisikia kunguru na redio ya mtu shambani. Wajukuu wa jirani waliotufuata walidhani tuta ni kazi ya mto. Nilipowaambia gari moshi lilipita hapa, walitazamana kwa adabu, kama watoto wanavyomtazama mtu mzima anayechanganya mambo. Ming'oko wanaijua, lakini wanainunua. Kumbi la mwezi mzima hawalijui. Harufu ya kuni za injini asubuhi yenye ukungu, nikiwaeleza, nitaieleza kwa kufananisha na nini?

Makaburi hatukuyapata. Alinionyesha sehemu iliyoinuka kidogo chini ya majani makavu, akasema labda ni hapa, akasogea, akasema labda ni pale.

Ni yeye aliyenielekeza kwa mzee wa Ruangwa. Alikuwa ndiye aliyebaki wa gengi la reli, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma aliyekuja kijana kutafuta kazi, akaoa Ruangwa, akabaki. Nilimkuta nje ya nyumba yake anasuka kamba. Nilimweleza mimi ni nani na kwa nini nimekuja, yote, pamoja na habari ya kaka na turubai. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Chini ya turubai walikuwa wawili," alisema. "Niliwafunika mimi na mwenzangu. Mtia kuni na mlinzi. Nilikuwa nawajua, tulikula nao. Makaburi tulichimba mawili."

"Watu wanasema watatu, baba."

"Watu walikuwa kwenye maji, mama. Sisi ndio tuliokuwa kwenye makaburi."

Nilimuuliza kuhusu kijana mrefu. Akaacha kamba.

Kijana huyo alikuwepo. Walimtoa chini ya ngazi ya tangi akiwa hai. Uso ulikuwa umejaa tope na damu, hata mama yake asingemtambua. Mzee alisema hivyo kwa mazoea ya kusema, kisha akanitazama na kuinamisha kichwa. Walimlaza kwenye kiberenge, kile kigari cha gengi kinachosukumwa kwa mikono juu ya reli, wampeleke stesheni ya mbele itafutwe motokaa ya kumfikisha hospitali. Alikuwa anaomba kitu, kwa sauti ndogo. Mzee hakuijua lugha wakati huo. Alijua ni ya huku kwa sababu wanawake waliokuwa karibu walielewa.

"Walielewa, lakini walirudi nyuma," alisema. "Kila mmoja ana mtungi kichwani, na kila mmoja anarudi nyuma. Kijana anaomba maji, na maji yamejaa kila mahali. Mpaka mama mmoja akatua mtungi wake, akachota kwa kata, akaja. Lakini akaja kaangalia kando, porini. Anammiminia huku hamtazami. Mwenzangu akamwambia, mama, tazama unakomwagia, utamtia puani. Hakugeuka. Tulidhani anaogopa damu."

Nilimuuliza huyo mama alikuwa wa namna gani. Mtu mzima, alisema. Kaniki nyeusi, kama wote. Nilimuuliza kama alikuwa na mtoto wa kike nyuma yake. Hakukumbuka mtoto. Baada ya hapo yeye alibaki kuchimba, na waliosukuma kiberenge walirudi jioni wakasema wamemkabidhi akiwa bado anapumua. Kesho yake gengi lilihamishwa. Zaidi ya hapo hajui.

Nilirudi Nachingwea kwa gari la mizigo, nikipanga njiani nitakavyosema. Nilipita kwanza hospitali. Walinipokea vizuri na kunieleza kwamba kumbukumbu za miaka ile hazipo tena. Kisha nikaenda nyuma ya soko.

Nilimwambia kaka kwa mpangilio, kama nilivyozoea kazini: kilichothibitika kwanza. Waliokuwa chini ya turubai hawakuwa wa kwetu. Miguu aliyoiona bibi ni ya mtia kuni au ya mlinzi, watu wenye majina na makaburi. Bibi hakumpita mwanawe hapo. Kaka alifumba macho, mabega yake yakashuka. Ningeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa ameniambia anataka kujua, na hakusema anataka kujua nusu. Nikamwambia kuhusu kiberenge na mama wa kata.

Nje mtu alikuwa anatangaza bei ya ufuta.

"Wapishi walikuwa wengi," alisema.

"Wengi. Mama wa jirani naye alikuwa mmoja."

"Na mjomba angemwita. Angesema mama."

"Mzee hakuijua lugha. Alisikia sauti tu."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Sikuona machozi. Aliuvuta uji wake karibu, akaukoroga, akauacha tena. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kuuliza, nilikuwa sijamuuliza mzee.

"Yule kijana, aliyanywa?"

Hitima ilisomwa Ijumaa, kwa jina la mjomba, na kaka aliisikiliza akiwa ameegemezwa ukutani. Jina halikupewa mtu. Kabla watu hawajamaliza kunawa mikono nilikuwa stendi natafuta gari la kurudi Ruangwa.

Mzee alikuwa bado na kamba zake. Nilipomuuliza, aliyafumba macho yake apaone tena mahali pale, na alijitahidi, niliona anajitahidi. Alisema maji aliyaona yakifika mdomoni. Lakini wakati huo huo wenzake walisukuma, kiberenge kikaanza kwenda, na yule mama akabaki ameshika kata hewani. Kama kijana alimeza, au yalimtoka pembeni, hakuona.